MERIKEBU ILIYOITWA JINA LA SULTANI



Mtu akipokonywa mali yake njiani hana haja ya kufikiri sana jina la kumwita aliyempokonya. Atamwita mnyang'anyi, na shauri limekwisha. Lakini umwendee yule aliyeichukua mali umuulize, "Wewe ni nani?" Atakwambia yeye ni askari, au mtoza kodi, au mpigania haki, na pengine atatoa karatasi yenye muhuri akuonyeshe. Basi nani mkweli baina ya wawili hawa? Na karatasi ile, je, inaweza kuigeuza dhulma ikawa haki?

Swali hili si la leo. Limeulizwa baharini kwa karne nyingi, na katika makala haya nitakusimulia khabari za merikebu moja ya Kimarekani ya karne ya 18 ili tulitazame kwa utulivu. Merikebu hiyo ilianza kazi kwa kuteka mali za watu, ikaishia kufanya biashara katika bahari yetu hii ya Hindi, na njiani mwake tutakutana na watu wa Algeria, wa Moroko, na hata wa Kilwa.

JINA LAKE NA MWENYEWE

Merikebu hiyo iliitwa Grand Turk, maana yake Mturuki Mkuu. Usistaajabu. Watu wa Ulaya walikuwa na desturi ya zamani ya kumwita hivyo Sultani wa dola ya Kiothmani akaaye Istanbul. Merikebu ilipoundwa, mwaka 1781, Sultani aliyekuwapo alikuwa Abdul Hamid wa Kwanza. Yeye hakuwa na fungu lolote ndani yake. Jina lilikuwa la fahari tu.

Mwenye mali alikuwa tajiri aitwaye Elias Hasket Derby, mwenyeji wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Watu wa Salem waliishi kwa bahari kama tuishivyo sisi wa pwani. Walivua samaki, wakawakausha na kuwatia chumvi, wakawapeleka kuuza visiwa vya West Indies na Ulaya, wakarudi na sukari, chumvi na mvinyo. Derby mwenyewe hakuwa baharia. Baba yake alikuwa nahodha, lakini yeye alikaa nchi kavu, akishika vitabu vya hesabu na kuwatuma wengine.

Mwaka 1775 makoloni 13 ya Marekani yaliingia vitani na Uingereza iliyokuwa ikiyatawala. Manowari za Uingereza zikaziba bahari, uvuvi ukasimama, biashara ikafa. Watu waliojua kazi moja tu, kazi ya bahari, wakabaki wamekaa pwani wakitazama maji. Na wale waliotaka kujitawala hawakuwa na manowari ila chache mno, hazikuweza kushindana na za mfalme wa Uingereza.

KAZI YA KIBALI

Hapo ndipo ilipotumika njia ya zamani ambayo mataifa ya Ulaya yote yalikuwa yakiitumia. Serikali isiyo na manowari za kutosha humwambia tajiri mwenye merikebu: "Tia mizinga yako mwenyewe, ajiri watu wako mwenyewe, nenda kateke merikebu za adui yetu. Utakachopata kitakuwa chako wewe na mabaharia wako." Kisha humpa kibali chenye muhuri. Mwenye kibali hicho akikamatwa huhesabiwa mateka wa vita. Asiye nacho ni haramia, na hukumu ya haramia ilikuwa kitanzi. Kwa hivyo tofauti baina ya uhai na kifo ilikuwa karatasi moja katika kasha la nahodha.

Jimbo la Massachusetts lilianza kutoa vibali hivyo Novemba 1775, na Baraza Kuu la makoloni yote likafuata tarehe 23 Machi 1776. Hawakutoa bila ya masharti. Mwenye merikebu isiyozidi tani 100 aliweka dhamana ya dola 5,000, na ya zaidi ya hapo dola 10,000, kwamba atafuata amri. Amri zilikuwa wazi. Merikebu iliyotekwa isiguswe shehena yake, bali ipelekwe bandarini mbele ya hakimu wa mambo ya bahari. Hakimu asikilize mashahidi na atazame hati. Akiona ni mali ya adui ndipo iuzwe kwa mnada, na akiona si ya adui irudishiwe wenyewe. Na mtu aliyekwisha kusalimu amri asiuawe wala asiteswe. Atakayefanya hivyo ataadhibiwa vikali.

Fedha za mnada, kwa desturi, ziligawanywa nusu kwa nusu: nusu ya wenye merikebu, na nusu ya nahodha na mabaharia, kila mtu kwa cheo chake. Baharia mmoja aliweza kurudi na fungu la kumtosha kununua nyumba, na mwenziwe akarudi na mguu mmoja. Wengine, kwa kuwa wake na watoto hawawezi kula ahadi, waliyauza mafungu yao kabla ya safari kwa fedha kidogo kwa watu waliobaki mjini. Yule aliyekwenda kukabili risasi akapata chembe, na yule aliyelala kitandani pake akapata pishi.

Salem peke yake, kwa hesabu wanayoitaja wanahistoria wa mji huo, ilitoa merikebu 158 za kibali katika vita vile, nazo zikateka merikebu 445. Mwanzoni zilikuwa ndogo, hata mashua za uvuvi zilizotiwa mizinga. Lakini kadiri vita vilivyoendelea, Waingereza walianza kusafiri kwa misafara yenye ulinzi, na mashua ndogo hazikufaa tena. Ndipo Derby alipoiunda Grand Turk mahsusi kwa kazi hii: merikebu ya milingoti mitatu, kiasi cha tani 300, yenye mizinga zaidi ya 20 na mabaharia zaidi ya 100. Iliundwa kwa mwendo, kwa sababu merikebu ya kibali ni lazima iweze kumfikia mnyonge na kumkimbia mwenye nguvu. Kutoka mwaka ule wa 1781 mpaka vita vilipokwisha, ilizunguka Atlantiki na maji ya West Indies, ikileta Salem merikebu baada ya merikebu kwenda kwa hakimu na kwa mnadi.

WATU WAWILI WALIOTANGAZWA MNADANI

Sasa nataka usimame nami hapa kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa jambo.

Ikiwa kila kilichomo ndani ya merikebu ya adui ni mali ya kuuzwa, je, na watu? Mabaharia wa Kiingereza walihesabiwa mateka, wakafungwa, wakabadilishwa kwa mateka wa Kimarekani. Lakini merikebu nyingi za Kiingereza zilizotoka West Indies zilikuwa na watu weusi. Hao wakawekwa fungu moja na magunia ya sukari.

Mwaka 1776 watu wawili weusi, waliotekwa katika merikebu iitwayo Hannibal, waliletwa Salem, na tangazo likatolewa kwamba watauzwa mnadani. Ilikuwa mwezi wa Septemba. Wino wa tangazo la uhuru la Marekani, lisemalo kuwa watu wote wameumbwa sawa, ulikuwa haujatimiza hata miezi mitatu. Walikuwapo watu katika Massachusetts walioona aibu. Shauri likapelekwa katika baraza la jimbo, na baraza likaamua kuwa watu hao wasiuzwe, na kwamba watu weusi watakaotekwa baharini watendewe kama mateka wengine wowote.

Kibali kilikuwapo, muhuri ulikuwapo, mnadi alikwisha kutangaza. Kilichowaokoa wale wawili ni watu waliouliza swali ambalo karatasi haikuliuliza: hiki tunachokiuza ni nini hasa? Lakini uamuzi ule ulikuwa wa jimbo moja tu. Katika bandari za majimbo mengine, watu weusi waliotekwa waliendelea kuuzwa kama shehena.

JINA LA HARAMIA LINAHAMA

Waingereza nao hawakuvitambua vibali vya Wamarekani. Machoni mwao, makoloni yale hayakuwa dola, bali raia walioasi. Na raia muasi hana haki ya kutoa kibali. Mwaka 1777 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaweka kizuizini bila ya kuwahukumu watu waliotuhumiwa uhaini na uharamia wa baharini. Maelfu ya mabaharia wa Kimarekani walifungwa katika magereza ya Uingereza, na katika merikebu mbovu zilizotiwa nanga bandarini New York, mashuhuri kuliko zote ikiwa ile iitwayo Jersey. Humo walikufa kwa njaa na maradhi watu wengi kuliko waliouawa vitani. Wamarekani walilia kwa dhulma hiyo, na walikuwa na haki ya kulia. Walisema: "Sisi si maharamia! Tuna kibali, tuna mahakama, tuna sheria."

Likumbuke neno hilo, maana tutalisikia tena, lakini kwa ulimi mwingine.

Amani ilitiwa saini mjini Paris tarehe 3 Septemba 1783. Kazi ya kibali ikaisha siku moja, na matajiri wa Salem wakabaki na merikebu kubwa, za kasi, zisizo na kazi. Uingereza, kwa kulipiza, ikavifunga visiwa vyake vya West Indies kwa merikebu za Marekani. Soko la zamani limefungwa, merikebu mpya ni kubwa mno kwa biashara ya kando kando ya pwani: basi kukawa hapana budi kwenda mbali. Novemba 1784 Derby aliipeleka Grand Turk rasi ya kusini ya Afrika, chini ya nahodha Jonathan Ingersoll, ikiwa imebeba bidhaa badala ya baruti ya kuteka watu.

Lakini bahari ilikuwa imebadilika kwa Wamarekani. Zamani merikebu zao zilipita Mediterania chini ya bendera ya Uingereza, na Uingereza ilikuwa na mikataba na watawala wa Afrika ya Kaskazini. Walipojitoa katika utawala wa Uingereza, walijitoa na katika mikataba ile. Julai 1785 merikebu mbili za Marekani, Maria na Dauphin, zilitekwa na watu wa Algeria, na mabaharia 21 wakachukuliwa mateka.

Habari zilipofika Marekani, nchi ilitikisika kwa hasira. Na neno lililokuwa vinywani mwa watu lilikuwa lile lile: maharamia!

Sasa tazama, msomaji, jambo hili kwa mizani. Raisi wa Algeria, yaani nahodha wa merikebu ya kuteka, hakuwa akitoka kwa hiari yake tu. Alitoka kwa idhini ya mtawala wake, Dey, ambaye naye alikuwa chini ya dola ya Kiothmani, dola ya yule Sultani ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa nyuma ya merikebu ya Derby. Alitafuta merikebu za mataifa ambayo mtawala wake hana mkataba nayo. Aliileta bandarini, mtawala akatoa fungu lake, na kilichobaki kikagawanywa baina ya wenye merikebu na mabaharia. Kama ungemleta baharia wa Salem aitazame kazi hiyo, angeijua yote hatua kwa hatua.

Wahenga wetu walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wala usifahamu kwamba nataka kuwatetea watu wa Algeria kwa kuwa ni Waislamu. Mateka wale walitiwa kazi ngumu, wakangojea fidia kwa miaka, na wengine wao walikufa kabla ya kuiona. Merikebu nyingine 11 zilitekwa mwaka 1793, na zaidi ya watu 100 wakaongezwa. Waliobaki hai hawakurudi kwao mpaka baada ya mkataba wa mwaka 1795, ulioigharimu Marekani karibu dola milioni moja. Mama aliyekuwa Boston akimlilia mwanawe hakupungukiwa na machozi kwa kuwa Dey alikuwa na sheria zake. Dhulma haibadiliki rangi kwa dini ya anayeifanya.

Na ili mizani itimie, tumtaje na mtawala mwingine Muislamu wa zama hizo hizo, Sidi Muhammad bin Abdallah, Sultani wa Moroko. Yeye alizifungulia bandari zake merikebu za Marekani tangu Desemba 1777, wakati mataifa mengi yalipokuwa yakisitasita kuitambua nchi hiyo. Wamarekani wakachelewa mno kumjibu. Mwaka 1784 akaizuia merikebu yao moja, iitwayo Betsey, ili wamwangalie. Hakuwafanya mabaharia watumwa. Akawaachia, na mwaka 1786 ukafanywa mkataba wa urafiki. Alikuwa na merikebu na mizinga kama wenziwe, lakini alitaka ahadi kuliko ngawira.

MERIKEBU INAFIKA BAHARI YETU

Turudi kwa Grand Turk. Desemba 1785 iling'oa nanga tena, chini ya nahodha Ebenezer West, ikaizunguka Afrika na kuingia bahari ya Hindi. Aprili 1786 ikafika Morisi, kisiwa ambacho Wafaransa waliokitawala walikiita Isle de France. Kutoka hapo iliendelea mpaka Canton, katika Uchina, ikiwa miongoni mwa merikebu za mwanzo kabisa za Marekani kufika huko. Mei 1787 ikarudi Salem imejaa chai na vyombo vya kaure. Ukienda Salem hata leo, utaliona katika jumba la makumbusho bakuli kubwa la kaure lililotengenezwa Canton, limechorwa merikebu na kuandikwa jina la Grand Turk na mwaka 1786. Mchoraji wa Kichina aliinakili picha hiyo kutoka kwa mchoro wa merikebu ya Kiingereza! Merikebu iliyoundwa kuwateka Waingereza imebaki kukumbukwa kwa sura ya Mwingereza.

Derby akaona kuwa shehena moja ya chai iliyonunuliwa kwa halali inaweza kumpa faida pasina kumwaga damu ya mtu. Akaendelea na biashara ya Mashariki mpaka alipokufa mwaka 1799, akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani. Grand Turk yenyewe haikukaa naye. Mwaka 1788 mwanawe aliiuza kule kule Morisi kwa bei nzuri, na fedha zake zikaingia katika biashara ya Bara Hindi. Njia hiyo iliyofunguliwa na merikebu za Salem ndiyo iliyowaleta wenyeji wa mji huo mpaka Unguja katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani, na balozi wao mdogo wa kwanza Unguja, mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Ile nguo ya merikani waliyoivaa mabibi na mababu zetu ilipita katika mikono hiyo.

Khabari nzuri, utasema. Mpokonyaji amekuwa mfanyabiashara. Ni kweli, na ni jambo la kusifiwa. Lakini Morisi ile aliyouza na kununua ilikuwa nini? Ilikuwa kisiwa cha mashamba ambayo wengi wa wakazi wake walikuwa watumwa, waliochukuliwa Bukini, Msumbiji, na pwani yetu. Septemba 1776, mwezi ule ule walipookolewa wale watu wawili wa Salem, Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Nao ulikuwa na muhuri. Mwenye kutia muhuri alikuwa Muislamu, mtu wa pwani, na waliouzwa walikuwa watu wa bara letu wenyewe.

Ndiyo maana nikasema tusiitazame historia hii kama khabari za watu wa mbali tu. Salem walikuwapo watu waliouliza, "Hiki tunachokiuza ni nini hasa?" Kilwa, siku ile, swali hilo halikulizuia kalamu.

MWISHO WA VIBALI

Mwaka 1856 mataifa makubwa ya Ulaya, pamoja na dola ya Kiothmani, yalikubaliana mjini Paris kwamba merikebu za kibali zimekwisha, hazitatolewa tena. Marekani ilikataa kutia saini, kwa hoja kwamba dola isiyo na manowari nyingi haiwezi kuitupa silaha hiyo. Miaka mitano baadaye majimbo ya kusini ya Marekani yaliasi, na kiongozi wao akatangaza kutoa vibali. Rais Abraham Lincoln akajibu kwa tangazo la Aprili 1861: watakaozisumbua merikebu za Marekani kwa vibali hivyo watahesabiwa maharamia. Mabaharia wa merikebu iitwayo Savannah walipelekwa mahakamani New York kwa shitaka hilo, na wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana. Utetezi wao ulikuwa upi? "Sisi si maharamia, tuna kibali." Neno lile lile la mwaka 1777, likisemwa sasa mbele ya wajukuu wa walioanza kulisema.

Basi, ndugu msomaji, tumepata jibu la swali letu? Karatasi si kitu cha kudharau. Amri za mwaka 1776 ziliokoa roho nyingi kwa kumfunga mikono mwenye nguvu, na mahakama ya bahari, hata ikiwa na upungufu, ni bora kuliko upanga usio na hakimu. Lakini karatasi hueleza nani amekuruhusu. Haielezi kama unachokichukua ni chako.

Na sisi hatuna merikebu za mizinga. Tuna hati za mashamba, na wasia, na barua za wasimamizi wa mayatima. Mara ngapi tumemwona mtu ameishika hati yenye muhuri ya kiunga ambacho mji mzima unajua minazi yake ilipandwa na baba wa mwenziwe? Ukimuuliza, atakujibu kama nahodha wa Salem na raisi wa Algeria: "Ninacho kibali." Mjibu kwa upole, lakini mjibu. Mwambie kibali umekipata kwa mtu kama wewe, na watoto wa aliyepanda minazi ile bado wanapita njiani kila asubuhi wakiitazama.